Miaka Tisa, Mkono Mmoja Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fulana yenye namba tisini na tatu, kofia ngumu, na dakika kumi za kujitayarisha. Aliyenipa vitu hivyo tulimwita Bwana Vifaa, mzee mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mchezaji ana kofia inayomkaa. Alinivalisha ya kwanza, ikakwama juu ya masikio. Akaleta ya pili, nayo ikakwama. Ya tatu aliitoa kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, akaipangusa vumbi, akasema, "Kijana, hii niliitunza kwa ajili ya mtu ambaye sikutegemea kama angezaliwa." Ikanikaa barabara. Basi nikatoka uwanjani, mimi mtoto wa Isipingo, Durban, kuanza kazi ya kuangusha watu kwa mshahara.

Vijana wa kanisa letu hapa Durban wameniomba niandike jinsi kazi ile ilivyokuwa. Nadhani ni kwa sababu Jumapili wananiona nikipanda ngazi za kanisani huku nimeshika ukuta, na hawaamini kwamba mwili huu uliwahi kukimbia. Nitawaandikia. Kunicheka mtanicheka, najua, ila msome mpaka mwisho.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Katika mpira wa Kimarekani timu yenye mpira husogea mbele kidogo kidogo. Inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na yadi moja ni hatua moja ndefu ya mtu mzima. Kila jaribio huanza watu wakiwa wamejipanga uso kwa uso. Upande wenye mpira kuna senta, mtu anayeinama na kuupitisha mpira katikati ya miguu yake kumpa kiongozi wao aliye nyuma yake, yaani kwotabeki. Upande wa pili, mbele kabisa ya senta na wenzake, wanainama watu wanne wakubwa. Hao ndio mstari wa ulinzi. Mimi nilikuwa mmoja wa wawili wa katikati. Tuliinama kwa msimamo wa pointi tatu, maana yake miguu miwili na mkono mmoja vinagusa nyasi, na kazi yetu ilikuwa kuziba mapengo ili mtu asipite na mpira. Ukibahatika unamfikia kwotabeki na kumwangusha kabla hajarusha, na hiyo inaitwa saki. Wenye saki nyingi huonekana kwenye televisheni. Sisi wa katikati tulionekana tukitolewa chini ya rundo la watu, tena tukitolewa wa mwisho.

Sasa nilifikaje huko? Tulikuja Durban kutoka Uvira nikiwa na miaka minane, na mpaka leo nyumbani tunasema Kiswahili cha kule, chenye Kifaransa ndani yake. Kule Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Hapa vyeti vyake havikumsaidia kitu, kwa hiyo akavaa kizibao cha rangi ya machungwa akawa mchunga magari kwenye maegesho ya maduka Isipingo, jirani na stendi ya teksi. Mchunga magari anakuonyesha pa kuegesha, anakulindia gari ukiwa dukani, na ukitoka kinyumenyume anahakikisha humgongi mtu. Mama alisuka nywele saluni. Nilipomaliza shule nilisimama na Baba pale maegeshoni miaka miwili, huku nikisomea ufundi wa umeme, na jioni nilicheza raga, mchezo niliouanza shuleni, na klabu ya wafanyakazi wa viwanda vya Jacobs. Nilikuwa propu, mmoja wa wale wanaosukumana kwa mabega mbele ya skramu, yaani pale timu mbili zinaposhikana na kusukumana kugombea mpira.

Baba ana tabia moja inayojulikana Isipingo nzima. Hampiti mtu anayefanya kazi bila kumwambia, "Pole na kazi." Mfagia barabara anaambiwa, dereva wa teksi anaambiwa, mama wa mahindi ya kuchoma anaambiwa, na hata polisi anayemwandikia mtu faini anaambiwa. Wazulu wa pale hawajui Kiswahili, lakini maneno hayo matatu wanayajua, na wengine humwahi wao kabla hajafungua mdomo. Ila Baba hayatoi ovyo. Kwake ni kama cheti, na mwalimu hagawi vyeti kwa kila mtu. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka raga na mdomo umepasuka, ananitazama, anauliza, "Umecheza?" Basi, yanaishia hapo.

Halafu akaja Durban kocha mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akitafuta vijana wakubwa wa raga wenye miguu myepesi. Akatufanyia majaribio siku mbili kwenye uwanja wa Jacobs, akanichagua mimi niende Amerika kucheza mpira wao. Nilirudi nyumbani nikiruka. Baba alikuwa anakula, hakuacha kula.

"Kashindi, ile iko kazi gani? Ya kuangusha batu?"

"Papa, wanalipa muzuri."

"Hata mwizi anapataka feza, mais hatusemi iko na kazi. Umalize cours yako ya umeme. Ile ni muchezo."

Mama akasema, "Muache aende. Atarudia ku nyumba."

Karatasi zilichukua miezi mingi, kama mnavyojua karatasi za watu wetu zilivyo. Siku ya safari Baba alinisindikiza uwanja wa ndege. Alimwambia pole na kazi kijana wa mizigo, akamwambia dada wa tiketi, akamwambia mlinzi wa mlangoni. Akanigeukia mimi, akanishika bega. "Ucheze muzuri," akasema.

Iliniuma, siwafichi. Ndani ya ndege nikajiwekea nia moja ambayo sikumwambia mtu: kabla sijazeeka, mzee yule ataniambia pole na kazi.

Timu ya kwanza ilikuwa kwenye mji wa mvua. Kambini tulikuwa watu kama tisini, na kila mtu alijua kwamba karibu nusu wangerudishwa makwao. Kila timu ina mfanyakazi mmoja ambaye hakuna anayetaka kumwona asubuhi. Sisi tulimwita Mtu wa Kitabu. Anakuja taratibu mpaka kwenye kabati lako, anainama, anasema kwa sauti ya upole, "Kocha Mkuu anataka kukuona. Njoo na kitabu chako." Kitabu ndicho chenye mipango yote ya mchezo, na ukitakiwa kukirudisha, basi umekwisha. Alikuwa mtu mwema kabisa, mwenye watoto watatu na kicheko kizuri, na watu walikuwa wakijificha chooni wakisikia viatu vyake.

Bosi wangu wa karibu alikuwa Kocha wa Mstari. Naye alikuwa mtu wa mstari zamani, mwenye shingo nene kuliko kichwa, akitafuna mbegu za alizeti kutwa. Siku ile ya kwanza alinipanga mbele ya senta, nikaweka mkono chini. Kwotabeki akapiga kelele, nami nikaruka mbele kwa nguvu zangu zote. Nikawaangusha watu wawili. Nilipoinuka nikijipongeza, nikaona kila mtu amesimama ananitazama, na mpira bado uko chini mkononi mwa senta.

Kosa hilo ni la watu wa raga, na ni watu wa raga tu wanaolifanya. Kwenye skramu refa ndiye anayetoa amri. Anasema mwiname, mnainama. Anasema mshikane, mnashikana. Anasema muanze, mnaanza, na propu mzuri ni yule anayeitika sauti haraka kuliko mwenzake. Mimi miaka kumi nilifundishwa kuitii sauti. Lakini katika mpira wa Kimarekani sauti ni ya kwotabeki, na kwotabeki ni adui yako. Anataja namba, anataja rangi, ananong'ona kisha anafoka ghafla, na wenzake peke yao ndio wanaojua mpira utaachiwa kwenye neno gani. Kelele nyingine zote ni mtego. Ukivuka mstari kabla mpira haujasogea, refa anatupa bendera ya njano na timu yako inarudishwa yadi tano. Siku hiyo niliruka mara tano.

"Tisini na tatu!" akafoka Kocha wa Mstari. "Yule anakuita jina lako?"

"Hapana, Kocha."

"Basi mbona unaitika?"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka, ila nilicheka peke yangu siku ya pili, na wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Nilijaribu kila kitu. Niliziba masikio kwa pamba, nikaimba moyoni nyimbo za kwaya ya kanisani, nikauma ulimi mpaka ukavimba. Sauti ikipanda tu, mwili unakwenda. Jumanne Kocha wa Mstari akaniketisha kwenye benchi, akatema maganda ya alizeti.

"Una nguvu kuliko wote hapa," akasema. "Lakini yadi tano ni yadi tano. Alhamisi tuna mechi ya majaribio. Ukiruka hata mara moja, Ijumaa asubuhi Mtu wa Kitabu atakuja kwako. Sitafurahi, ila ndivyo itakavyokuwa."

Nikaona nimekwisha. Nitarudi Isipingo baada ya wiki tatu, nimkute Baba amesimama pale pale na kizibao chake, aniulize kama nilicheza vizuri. Jumatano nikampigia simu. Huko ilikuwa alasiri, na nilisikia honi za teksi nyuma yake.

"Papa, minaruka mbele ya wakati. Watanifukuza."

"Sababu ya nini unaruka?"

"Sababu ya sauti ya ule mutu. Anapiga makelele, minafikiri ni sasa."

Kisha akaanza kuniuliza maswali kama nipo darasani.

"Kashindi, ulichunga motokari hapa miaka mbili, si ndiyo? Dereva akikupungia mukono, anaenda?"

"Hapana. Pengine anasalimia tu."

"Akiwasha taa ya kurudi nyuma?"

"Pengine anageuza mawazo."

"Akisema sharp, sharp, eti iko sawa?"

"Bado, Papa."

"Donc unajuaka aje kama anaenda?"

"Minaangalia pneu ya mbele."

"Voilà. Pneu inageuka kwanza, kisha motokari inatembea. Mudomo ya dereva haiendeshe motokari. Sasa huko kwenu, pneu ni nini?"

Ni kweli. Hilo ndilo jambo la kwanza alilonifundisha maegeshoni nikiwa na miaka kumi na tisa: usimsikilize dereva, tazama tairi. Nilikuwa nalo mwilini miaka miwili nzima, nikaliacha Durban pamoja na kizibao.

"Haya, ucheze muzuri," akasema Baba. "Kuna mama hapa anatoka." Na kabla hajakata nikamsikia akimwambia mtu mwingine pole na kazi.

Alhamisi niliweka mkono chini na kutazama kitu kimoja tu, mkono wa senta. Nikagundua jambo. Kabla ya kuuachia mpira, senta lazima aukaze, na akiukaza, kucha zake zinakuwa nyeupe. Kwotabeki akafoka, nikabaki nimeinama. Akafoka tena kwa hila, nikabaki. Kucha zikawa nyeupe, nikaondoka, na nilikuwa kifuani kwa senta kabla hajanyoosha mgongo. Mechi nzima hakukuwa na bendera hata moja kwa ajili yangu. Nilikuwa kiziwi mwenye furaha.

Ijumaa asubuhi viatu vya Mtu wa Kitabu vilisikika. Vikaja mpaka kwenye kabati langu, vikasimama, halafu akainama kwa jirani yangu, kijana mpole kutoka visiwa vya mbali ambaye alinigawia chakula chake siku nilipochelewa. Nilishukuru na nikaona aibu kwa kushukuru, vyote kwa wakati mmoja. Kazi ile ilikuwa hivyo, na mtu akikuambia ilikuwa raha tupu, hakuifanya.

Miaka miwili ya mwanzo niliwekwa kikosi cha mazoezi. Hao ni watu wanaogongwa wiki nzima ili wenzao wajifunze, na siku ya mechi wanavaa suti na kupiga makofi. Wengi wanaichukia nafasi hiyo. Mimi niliifanya shule. Nilikaa na video za mechi nikisoma mikono ya watu jinsi nilivyosoma magari. Mchezaji wa mstari wao akiwa na kucha nyeupe, ameegemea mkono wake kwa uzito wote, maana yake anakuja mbele na mpira utakimbizwa. Kucha zikiwa na rangi yake ya kawaida, uzito uko kwenye visigino, maana yake atarudi nyuma kumlinda kwotabeki arushe pasi. Waliovaa glavu wakidhani wamejificha niliwasoma visigino. Kocha wa Mstari aliniuliza nimejifunza wapi mambo hayo. Nilipomjibu maegeshoni, alidhani ni jina la chuo.

Kisha nikachukuliwa na timu ya kaskazini, kwenye baridi ya kukuumiza meno ukicheka. Nilikaa huko miaka minne na ndiko nilikofanya kazi yangu bora. Kocha Mkuu wa pale alikuwa mtu asiyezungumza. Mwaka wa kwanza aliniambia maneno ambayo ningeweza kuyahesabu kwa vidole, na mengine yalikuwa "sogea." Mechi moja tulikuwa mbele kwa pointi chache sana, dakika ya mwisho. Wapinzani walikuwa na jaribio la nne na walihitaji yadi moja tu. Kila mtu uwanjani alijua kwamba kwotabeki wao angejaribu kuturusha mbele kwa sauti, kwa kuwa tukivuka tungewapa yadi tano za bure na majaribio mapya manne. Akaanza. Alifoka, akapiga makofi, akatikisa kichwa, akaimba karibu wimbo mzima. Mimi nilitazama kucha za senta. Zilikuwa za kawaida. Jirani yangu wa kulia alianza kutetemeka, nikamwambia taratibu, "Bado." Mwisho aliyeruka alikuwa mtu wao wenyewe, amechoka kungoja. Bendera ikatupwa upande wao, wakarudishwa nyuma, wakashindwa.

Kocha Mkuu akanijia. "Ulifanya nini pale?" akauliza.

"Sikufanya kitu, Kocha."

"Ndicho ninachokulipa," akasema, akaondoka. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba.

Nilimpigia Baba nikiwa bado na matope usoni. Nikamweleza yote, jinsi watu maelfu walivyosimama wakipiga kelele na mimi sikutikisika. Akasikiliza vizuri.

"Donc wale batu bote bamelipa tiketi kukuona umeinama?"

"Ndiyo, Papa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Muchezo muzuri," akasema. Nami nikacheka, maana ilikuwa inachekesha kweli. Ila nilipokata simu nilikaa kwenye benchi kwa muda nikiwa na kofia yangu mapajani.

Miaka mitatu ya mwisho niliimalizia kusini, kwenye joto linalofanana na la Durban mwezi wa pili. Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, na kwa hesabu za kazi yetu nilikuwa mzee. Vijana waliniita Babu, wakaniwekea mto kwenye kiti changu cha mikutano. Niliwafundisha kucha na visigino, nao waliniletea kahawa. Goti la kushoto lilifanyiwa upasuaji mara mbili, na la kulia likaanza kulionea wivu. Asubuhi moja nilisikia viatu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa miaka tisa, na bado nilipekua kabati zima nikitafuta kitabu. Kocha Mkuu wa pale alinishukuru, akanipa mkono, akaniambia timu ikikosa mtu katikati ya msimu huenda wakanipigia. Nilimpigia Baba.

"Muchezo umeisha?"

"Umeisha, Papa."

"Rudia basi."

Nikarudi. Nilinunua nyumba Queensburgh, hapa hapa Durban, isiyo na ghorofa kwa ajili ya magoti yangu na ya wazazi wangu, nikaoa, nikapata mabinti wawili. Mke wangu hulalamika kwamba akiniita siitiki. Namwambia ni ugonjwa wa kazi, mimi nilifundishwa kutotii sauti. Ananijibu kwamba masufuria nayo hayaongei na bado siyaoni. Jioni nawafundisha skramu vijana wa Jacobs, na hao nawafundisha kutii sauti, kwa hiyo mjue mwalimu wao ana vichwa viwili.

Lakini nikiri jambo. Miaka ya mwanzo ya kustaafu sikustaafu. Begi langu la safari lilibaki kabatini limefungashwa, na simu haikutoka mfukoni. Nikiwa mezani na wenzangu, sikio langu lilikuwa kwenye ile simu, eti huenda mtu ameumia huko kusini na wanamtaka Babu. Simu haikulia. Begi sikulifungua. Mtu aliyefundishwa kutoitii sauti alikuwa ameketi Queensburgh akiisubiri.

Baba, kwa upande wake, alikataa kabisa kustaafu. Nilimwambia apumzike, akaniuliza apumzike na nini. Kila Jumamosi alipanda teksi kwenda Isipingo, na gari langu alilikataa kwa maelezo kwamba ataonekana kama mteja. Maegeshoni kuna sheria isiyoandikwa: nafasi ni ya aliyesimama. Ukikosa Jumamosi moja, inayofuata unakuta kizibao cha mtu mwingine, na hakuna pa kushtaki. Baba alikuwa ameishika nafasi ile zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka huu, Ijumaa moja, aliteleza bafuni na kifundo cha mguu kikavimba. Daktari akasema wiki nzima asikanyage. Jioni akaniita sebuleni. Alikuwa na kizibao mapajani, amekikunja vizuri.

"Kashindi, utanishikia nafasi?"

Hakuwahi kuniomba kitu maishani. Nikakipokea.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa pale, mtu wa kilo mia na arobaini kwenye kizibao cha mtu wa kilo sitini. Hakikufunga, nikakiunganisha mbele kwa kamba ya kiatu. Mama wa mboga wa jirani, ambaye Baba humsalimia kila Jumamosi, aliniangalia juu mpaka chini. "Uphi umkhulu?" akauliza, babu yuko wapi. Nilipomwambia ameumia mguu, akanipa ndizi, halafu akaniambia nimesimama pabaya, Baba husimama karibu na nguzo. Nikahamia kwenye nguzo. Kijana mmoja mwenye kizibao kipya kabisa alikuja kuchungulia kama nafasi iko wazi. Nilimtolea ile sura niliyowatolea masenta, akaniaga kwa heshima.

Ilipofika saa sita magoti yalikuwa yakinililia. Sikukaa. Saa nane hivi, bakkie moja nyeupe, yaani pikapu, ilikuwa imewashwa mbele yangu, dereva yuko kwenye simu. Nyuma yake gogo mmoja, bibi wa Kizulu, ameinama akipanga kabichi kwenye toroli yake. Nikamwonyesha dereva kwa mkono asubiri. Akanipungia. "Sharp, bra, sharp! Siendi bado!" akaniambia kwa Kiingereza cha mtaani, akaendelea na simu. Nami nikatazama chini, na tairi la mbele likaanza kugeuka.

Sikufikiri. Ile hatua ya kwanza, ambayo nilidhani nimeiacha Amerika, ilikuja yenyewe. Nilimfikia gogo kabla bakkie haijasogea, nikamvuta yeye na toroli kando, na kwa mkono mwingine nikapiga makofi mawili kwenye bodi mpaka dereva akakanyaga breki. Bakkie ilisimama pale pale gogo alipokuwa ameinama. Dereva alishuka akiwa mweupe kama chaki, akisema eish, eish, samahani. Gogo aliniangalia, akaangalia kabichi zilizokuwa zikibingirika kuelekea stendi, akanigombeza kwa Kizulu kwa dakika nzima kwa kumwaga mboga zake. Nikamwokotea moja moja. Kuinama kwa ile ya mwisho kulinigharimu.

Nilirudi Queensburgh saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Swali lake la kwanza lilikuwa nafasi.

"Iko?"

"Iko, Papa."

Nikaketi kwenye ngazi, maana kiti kilikuwa mbali. Nikamweleza kuhusu bakkie, dereva, gogo na kabichi.

"Uliangalia pneu?"

"Pneu."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanitazama, kizibao kimefungwa kwa kamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, miguu imevimba ndani ya viatu.

"Pole na kazi, Kashindi," akasema.

Vijana, nililia. Mtu mzima, na ndevu zangu. Halafu nikaona hasira kidogo, nikamuuliza huku nikijifuta.

"Ya leo tu, Papa? Na ile ya miaka tisa?"

Alikuwa na jibu tayari, na nadhani alikuwa nalo kwa miaka mingi.

"Batu ba inje tunabaambiaka pole na kazi kule ku kazi yabo, mais mutoto wa mu nyumba tunamwambiaka akirudia ku nyumba. We kila mara ulikuja na valise, unalala siku kumi, unaenda. Kisha ukaacha muchezo, na valise bado iko mu kabati, na simu mu mukono. Ningekuambia aje pole, na bado ulikuwa huku na kule?" Akashusha mguu wake kutoka kwenye kigoda. "Leo umerudia."

"Asante, Papa," nikamjibu.

Nikajaribu kuvua viatu, goti likakataa kukunjika. Baba akashuka kwenye kiti chake polepole, akaketi ngazi moja chini yangu na kifundo chake kibovu, akaanza kunifungulia kamba.